Reli ya mezani ni shule ya uendeshaji

Reli imerudi kwenye mazungumzo ya kila siku Afrika Mashariki. Kenya ilianza kusafirisha abiria kwa reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Tumepiga picha vichwa vipya, tumesifu kasi, tumebishana kuhusu gharama za ujenzi. Jambo tunalolizungumza kwa nadra ni uendeshaji, yaani kazi ya kila siku ya kuhakikisha kwamba treni nyingi zinatumia njia ileile bila kugongana, bila kuchelewa na bila kuacha mzigo wa mtu umelala stesheni. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa ustadi unaostaajabisha mpaka leo, lakini mizigo iliyobeba katika miaka ya karibuni ni sehemu ndogo tu ya ile ya miaka yake ya mwanzo. Milima, madaraja na mahandaki ni yaleyale. Kilichopungua ni vichwa vizima, vipuri na matengenezo. Ujenzi tunauona na kuushangilia. Uendeshaji hauonekani, na kwa kuwa hatuuoni, hatuuthamini.

Ndiyo maana natetea burudani ambayo kwetu haijapewa nafasi: kujenga reli ndogo nyumbani, juu ya meza au katika chumba cha ziada, na kuiendesha pamoja na marafiki. Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani, watu wazima wamefanya hivyo kwa vizazi kadhaa. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka reli zake za kuchezea zenye vipimo maalumu kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na mwaka 1935 wapenzi wa reli ndogo nchini Marekani waliunda chama chao cha kitaifa, ili behewa la huyu liweze kupita salama juu ya njia ya yule. Kipimo kilichoenea zaidi duniani, HO, hupunguza kila kitu mara 87, na reli zake mbili huachana kwa milimita 16.5. Vitu hivi vinapendeza kuvitazama, lakini hilo silo ninalolitetea. Ninachosema ni kwamba reli ndogo inayoendeshwa kwa ratiba na watu wanne au watano inawafundisha kwa vitendo jinsi mfumo wa pamoja unavyofanya kazi, na jinsi unavyoharibika.

Treni inayozunguka duara mezani huchosha baada ya dakika chache, kwa sababu haina inakokwenda. Frank Ellison wa New Orleans aliliona hilo mapema. Katika makala alizoandika mwaka 1944 kwenye jarida la Model Railroader, aliieleza reli yake ya nyumbani, Delta Lines, kama tamthilia: mandhari ni jukwaa, treni ni wahusika, na ratiba ndiyo hadithi yenyewe. Baada yake John Allen wa Monterey, California, alijenga reli aliyoiita Gorre & Daphetid, yenye milima iliyoanzia sakafuni ikakaribia dari, na picha zake zikampa sifa duniani. Lakini reli ile haikujengwa kwa ajili ya picha tu. Marafiki zake walikutana pale mara kwa mara, kila mmoja na kazi yake, na treni zikaenda kwa ratiba kama za reli kubwa. Allen alifariki Januari 1973, na siku 10 baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Milima ile haikujengwa tena. Namna ya kuendesha ilisalimika, kwa kuwa wengi walikwisha kujifunza na kuwafundisha wengine.

Ili kuona kinachofundishwa, tuchukue stesheni ya Voi, ambako njia ya zamani ya Mombasa na Nairobi inakutana na tawi la Taveta, na tuijenge juu ya mbao. Mwongoza treni anakaa chumba kingine na ratiba yake. Mmoja ni stesheni masta. Wawili ni madereva. Saa ya ukutani imeharakishwa mara 6, hivyo siku nzima ya reli inakwisha kwa saa 4. Treni ya abiria inatoka Nairobi, ya mizigo inatoka Mombasa ikiwa na mabehewa mawili ya kuachwa kwa ajili ya Taveta. Njia ni moja. Treni ya mizigo lazima iingie njia ya pembeni, ienee yote ndani yake, na pointi, yaani vipande vya reli vinavyobadilisha njia, zirudishwe, ndipo ya abiria ipewe ruhusa. Stesheni masta anaandika amri kwenye karatasi, dereva anaisoma kwa sauti neno kwa neno, kisha anaondoka. Sasa tuseme aliyepanga treni ya mizigo aliyaweka mabehewa ya Taveta katikati badala ya mwisho. Dereva atalazimika kwenda mbele na kurudi nyuma mara kadhaa ili ayatoe, na dakika mbili alizopoteza ni dakika 12 za ratiba. Treni iliyotakiwa kupishana naye Mtito Andei inasubiri, na dereva wake hajui kwa nini. Uzembe mdogo wa mtu mmoja umemfikia mwingine ambaye hakuuona wala kuusababisha. Somo hilo ni gumu kulieleza kwa maneno, lakini mezani linaeleweka jioni moja, kwa sababu aliyechelewa na aliyemchelewesha wamesimama chumba kimoja na wanaweza kuurudia mpango mpaka ukae sawa.

Kuna ushahidi wa jinsi kazi hii inavyoweza kumfikisha mtu mbali. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliunda klabu ya reli ndogo iliyofanya kazi katika Jengo namba 20. Baadhi yao walipenda kupaka rangi mabehewa na kujenga mandhari. Wengine, waliojiita kamati ya ishara na umeme, walikaa chini ya meza, kwenye nyaya. Tatizo lao lilikuwa lilelile la Voi: watu kadhaa wanataka kuendesha treni kadhaa kwa wakati mmoja kwenye njia zinazokatizana; umeme umfuate vipi kila dereva kokote treni yake iendako? Walilitatua kwa vifaa vya mitambo ya simu, na mfumo wao ukazidi kupanuka. Chuo kilipowafungulia wanafunzi mlango wa kompyuta za TX-0 na PDP-1, vijana wa chini ya meza walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukesha nazo, na kutoka katika kundi hilo ulizaliwa Spacewar, mmoja wa michezo ya awali kabisa ya kompyuta, mwaka 1962. Mtu anaweza kujibu kwamba wale walikuwa vijana wenye akili hata kabla ya kuiona treni. Ni kweli, klabu haikuwapa akili. Iliwapa mfumo halisi ambao hakuna mmoja wao angeweza kuumudu peke yake, pamoja na ruhusa ya kuuharibu na kuutengeneza tena. Vijana wenye akili hata huku tunao wengi. Mifumo ya kujifunzia namna hiyo ndiyo adimu.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia ni la pesa, nalo lina uzito. Kichwa kizuri cha treni kinaagizwa ng’ambo, kina ushuru na nauli, na mtu akiachia tamaa anaweza kumaliza mshahara. Lakini gharama inategemea unachokitafuta. Mwingereza Alan Wright alibuni reli inayoitwa Inglenook Sidings ambayo inahitaji pointi mbili tu, kichwa kimoja na mabehewa 8. Ina njia tatu za maegesho: moja ya mabehewa 5 na mbili za mabehewa matatu-matatu. Unachanganya kadi zenye majina ya mabehewa, unachomoa 5, na kazi yako ni kuunda treni ya mabehewa hayo kwa mpangilio uleule wa kadi. Ubao wa kama mita moja na nusu unatosha. Kadi hizo zinaweza kutoka kwa mipangilio 6,720, kwa hiyo fumbo halichakai upesi. Marafiki watano wakichangia, kila mmoja anabeba sehemu ndogo. Yanayobaki hayahitaji duka la ng’ambo: stesheni inajengwa kwa maboksi ya katoni, miti kwa vijiti vikavu, na ardhi ni udongo wa uani uliochekechwa na kushikwa kwa gundi iliyozimuliwa kwa maji. Anayetaka mng’ao atalipa sana. Anayetaka kujifunza uendeshaji ataanza na kidogo.

Pingamizi la pili ni la kizazi cha simu: kwa nini tuhangaike na mbao na waya wakati kuna programu za kompyuta zinazoiga treni kwa bei nafuu zaidi? Programu hizo ni nzuri, na kwa kujifunza ishara au kuhisi uzito wa treni ndefu zinaizidi meza. Kinachokosekana humo ni ukaidi wa vitu. Mezani, treni inasimama kila ikifika mahali fulani. Mmoja anadhani ni mota, mwingine anadhani ni magurudumu machafu. Wanaisukuma kwa kidole na inaendelea. Wanaleta taa ndogo ya majaribio, wanaigusisha kwenye reli hatua kwa hatua, mpaka inapozimika: kiungo kimelegea, umeme haupiti. Kinalehemiwa kwa solda, shughuli inaendelea. Mwambao wa Pwani plaiwudi isiyopakwa rangi pande zote hunyonya unyevu na kupinda. Bara vumbi hukaa juu ya reli na kukata umeme, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kuzipangusa kabla ya kila kikao, hata siku ambayo hakuna atakayemsifu kwa hilo. Matengenezo si adhabu inayofuata baada ya ujenzi. Ni nusu ya kazi, na meza inamdai mtu nusu hiyo bila kumwonea haya.

Wapo watakaosema kwamba ajali ya mezani haiui mtu, hivyo mchezo huu utawafanya vijana wachukulie reli kwa wepesi. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani Igandu, mkoani Dodoma, bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Hakuna burudani inayoweza kubeba uzito wa siku ile, wala haipaswi kujaribu. Hata hivyo, mtu aliyewahi kushikilia kipande cha njia kwa ajili ya treni moja, akaikatalia nyingine mpaka ya kwanza itoke, anaelewa kwa nini breki hupimwa kabla ya safari, kwa nini ruhusa huandikwa na kurudiwa kwa sauti, na kwa nini haraka ya bosi haipaswi kuvunja utaratibu huo. Raia wa namna hiyo huuliza maswali yanayofaa ripoti ya ajali inapotoka. Wepesi hutokana na kutojua.

Pingamizi la mwisho ni kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Reli zetu zenyewe zinakanusha. Njia ya zamani ya Kenya, Uganda na Reli ya Kati ya Tanzania ina upana wa mita moja. Ukiipunguza mara 87 unapata milimita 11.5, na reli ndogo ya milimita 12 inauzwa tayari kwa sababu milima ya Uswisi nayo ina reli ya upana huohuo. Vichwa vya mvuke vya Garratt vya daraja la 59, vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya mwinuko kutoka Mombasa, vilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250 kila kimoja. Mezani kichwa kama hicho kina sentimita 36, na ndugu yake halisi, Mount Gelai, yuko kwenye makumbusho ya reli Nairobi kwa yeyote anayetaka kumpima. Kilomita moja mezani ni mita 11 na nusu, kwa hiyo hakuna atakayejenga njia yote. Lazima achague, na kuchagua kunamlazimisha kuuliza: mkonge wa Mwatate ulipakiwa njia ipi? Tabora, treni za Mwanza na Kigoma ziligawanywa saa ngapi, na nani alitoa amri? Majibu mengi ya maswali hayo wanayo wastaafu wa reli, mastesheni masta, magadi na madereva, na wengi wao hawajawahi kuulizwa. Reli ya kupamba sebule haiwahitaji. Reli ya kuendeshwa haiwezi kukamilika bila wao.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo dogo linalowezekana. Vijana wanne au watano wenye ubao mmoja waanze na Inglenook, kisha waunganishe mbao zao kuwa stesheni mbili zenye njia moja katikati. Walimu wa ufundi na fizikia wawape kona ya karakana. Mashirika ya reli, ambayo tayari yanapokea wanafunzi kwa ziara, yawakutanishe na wastaafu wao. Hakuna kati ya haya linalohitaji bajeti ya taifa. Linalohitajika ni kukubali kwamba kuendesha vizuri ni ustadi wenye heshima sawa na kujenga, kwamba hupatikana kwa mazoezi, na kwamba mazoezi hayo ni bora tuyafanye pale ambapo kosa hugharimu dakika 12 za saa ya ukutani kuliko pale linapogharimu zaidi.