Nani Aliyemketisha Sanderson Mezani?

Kila inapotajwa Way Down East, sinema bubu iliyotengenezwa na D. W. Griffith nchini Marekani mwaka 1920, wahakiki huikimbilia barafu. Humsifu Lillian Gish, aliyeigiza Anna Moore, kwa jinsi alivyolala juu ya pande la barafu, mkono na nywele vikielea majini, mto ukimchukua kuelekea maporomokoni. Kweli, baridi ile haikuwa ya kuigiza. Lakini sisi twasema: asifuye barafu peke yake hajaitazama sinema.

Kiini chake ki mezani. Anna, msichana maskini wa kijijini, alilaghaiwa na tajiri Lennox Sanderson kwa ndoa ya uongo. Aliposhika mimba ndipo alipoambiwa kuwa hakuolewa. Mtoto wake akamfia mikononi. Akapata utumishi katika shamba la mzee Bartlett, mtu wa dini na msimamo, na umbeya ukamfuata huko. Mzee akamwonyesha mlango usiku wa tufani ya theluji, ilhali Sanderson ameketi mezani pale pale, mgeni wa heshima. Anna akageuka, akamnyoshea kidole, akauliza mbona hawakuitafuta habari yote.

Wapo wanaodai kuwa hizi ni hadithi za kuliza watu tu. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mzee aliichunguza aibu, hakuichunguza hila; na jambo hilo picha isiyo na sauti imelisema waziwazi kuliko hotuba nyingi.

Hata hivyo, Griffith naye hatumsamehi. Alianza sinema yake kwa maandishi ya kuhubiri uaminifu wa mume kwa mke mmoja. Kisha, swali lilipoulizwa, akalikimbia jibu. Alimtupa Anna katika tufani, kana kwamba theluji ndiyo iliyomhukumu. David, mwana wa mzee, akamwokoa, mzee akaomba radhi, harusi ikafungwa, watazamaji wakafuta machozi. Na Sanderson je? Alipigwa makonde, akajitolea kumwoa Anna, akakataliwa, akaenda zake na mali yake.

Basi mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi sinema hii asiwaulize Anna aliokolewaje. Awaulize nani aliyemketisha Sanderson mezani, na kwa nini hakuna aliyemwonyesha mlango kabla Anna hajasema. Meza za namna hiyo hazikwisha na sinema bubu.