Uzee wa Kupaka Rangi

Siku hizi hapa Arusha, kuanzia kwa mabroka wa tanzanaiti hadi kwa waongoza watalii waliopata msimu mzuri, kuna imani inayosemwa kwa uhakika wa ajabu: saa ya Uswisi ya toleo jipya lenye sura ya zamani ni mali. Haishuki thamani. Utaivaa wewe, utamwachia mwanao, naye atamwachia wake. Naipinga imani hii yote.

Tuanze na hiyo sura ya zamani. Waswisi wa Tudor walipotoa saa ya Black Bay Fifty-Eight mwaka 2018, waliipa kipenyo cha milimita 39, maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya uso mweusi, na alama za saa zenye umanjano hafifu. Kwenye saa za miaka ya 1960 umanjano huo ulikuja wenyewe: alama zilipakwa tritiamu ili zing'ae gizani, na rangi ile ikachujuka kadiri miaka ilivyokwenda. Leo uzee unapakwa kiwandani. Mkanda wa chuma nao una vichwa vya ribiti ubavuni, na ribiti hizo hazishiki kitu. Zamani ndizo zilizounganisha vipande vya mkanda. Sasa ni pambo. Mashine yake ni imara, hilo sibishi. Ninachokataa ni kulipishwa miaka ambayo hakuna aliyeiishi.

Na kwa nini Waswisi wanauza ukale? Krismasi ya 1969 Seiko walitoa Tokyo saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi (jiwe linalotetemeshwa na umeme wa betri), kwa bei ya gari la Toyota Corolla. Haikupita miaka mingi kwatsi ikawa bei poa, tena sahihi kuliko saa ya springi. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ikabaki na kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Kwa kutaja majira hawakuweza tena kushindana, wakageukia kuuza ukoo na heshima. Ni biashara halali. Kosa ni letu tunaoipokea kama usia wa wazee.

Na hilo la kutoshuka thamani, broka wa Arusha ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kulikataa. Anajua vizuri kwamba jiwe halina bei mpaka atokee mtu wa kutoa pesa. Bei za saa hizi za mtumba zilipaa wakati wa korona, zikafika kileleni mapema 2022, kisha zikaporomoka, za Rolex na Patek Philippe zikiwamo. Ukibanwa na ada ya shule, hapa mjini utamuuzia nani kabla ya Ijumaa?

Wakati huohuo, kwenye makabati ya vijijini Akheri, Poli na Nkoaranga, zimelala Seiko 5 zilizonunuliwa kwa pesa ya kahawa. Seiko walianza kuzitoa mwaka 1963: hazina betri, siku na tarehe ziko kwenye kidirisha kimoja, ufunguo umejificha karibu na namba 4. Mpelekee fundi saa moja iliyokufa. Akifungua mfuniko wa nyuma utaona kipande kizito cha nusu duara, kile kinachojaza springi kila mkono unapotikisika. Mafuta ya zamani yameganda kama ulimbo. Anatoa magurudumu moja moja kwa kibano, anayaosha, anatia tone la mafuta kwa ncha ya sindano, anarudisha kila moja mahali pake, na mshale unaanza kutembea. Umanjano wa uso wake ni wa jua la shambani, na mkwaruzo wa kioo yupo mtu nyumbani anayejua ulitoka wapi. Hiyo tunampa mtoto achezee, kisha tunapanda ndege kwenda kununua mfano wake Dubai!

Saa yoyote ya springi, iwe ya Geneva au ya Tokyo, hutaka kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa. Bila fundi hairithishwi, inahifadhiwa tu ikiwa imesimama. Na mafundi wetu wanazeeka wakiwa peke yao mezani. Kwa hiyo wewe mwenye uwezo, kabla hujalipia hiyo mpya, peleka kwanza ile ya mzee wako. Mlipe fundi anachotaja, usimpunguze. Muulize kama yuko tayari kupokea mwanafunzi, na posho ya huyo mwanafunzi uitoe wewe.