MCHEZO WA NG'OMBE NI WETU, FAIDA IWE YETU



Unguja kuna Sauti za Busara kila Februari na Mwaka Kogwa wa Makunduchi kila Julai. Tarehe hujulikana mapema, wageni hupanga safari. Pemba tuna mchezo wa ng'ombe, urithi unaohusishwa na Wareno, na ng'ombe wetu hauawi. Lakini mgeni anausikia ukishamalizika! Halafu tunaambiwa Pemba haina vivutio. Hatukubali.

Tawi linadai:
1. Tarehe zitangazwe kabla ya msimu.
2. Wanakijiji wasimamie wenyewe.
3. Viingilio vibaki kijijini.

Muuza pweza, dereva wa bodaboda na mwenye ng'ombe wafaidike kwanza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo anapona nani?

Sambaza kwa wenzako.