Mali Bila Daftari



Miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba za askari nilimokuwa nikikaa, akina mama tulikuwa na chama chetu cha kusaidiana. Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikiisha kupokewa, kila mmoja wetu alitoa fungu lake, na fedha hizo ziliwekwa kwa ajili ya msiba, uzazi na ada za watoto. Mweka hazina wetu alikuwa mama wa makamo, mtu wa ibada na mwenye kuheshimiwa. Lakini daftari alilifungia sandukuni. Aliyetaka kuliona aliulizwa, "Kwani dada, huniamini?" Nani angethubutu kuuliza tena?

Ikapita miezi minane. Siku moja mwenzetu akaletewa habari kwamba mumewe amefia kazini, mbali na nyumbani. Tulipokwenda kutoa fedha za kumsaidia mjane, tukakuta ni nusu ya zile zilizotarajiwa. Minong'ono ikaanza jioni ile ile. Hatimaye daftari lilifunguliwa mbele ya wote, na kumbe hapakuwa na mwizi. Wanachama watatu walikuwa hawajatoa fungu lao kwa muda mrefu, na mweka hazina kwa kuona haya aliwasitiri. Hata hivyo, mjane alirudi kwao na nusu ya haki yake, na mama mwaminifu alikuwa amekwisha kuitwa mwizi kwenye bomba la maji.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku ile naongeza kwamba daftari lililofungwa halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwapo. Leo napenda tulitazame daftari kubwa kuliko lile letu, nalo ni daftari la fedha za mji. Nitatoa mfano wa mbali, katika jimbo la California nchini Marekani, kwa sababu huko miji miwili iliyo jirani imetuonyesha pande zote mbili za jambo hili.

MJI WA BELL

Bell ni mji mdogo ulio karibu na Los Angeles, ambao mwaka 2010 ulikuwa na watu wapatao 36,000. Wengi wao ni watu wa kazi za mikono na wahamiaji wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini. Si mji wa matajiri. Lakini mwezi Julai mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 787,000 kwa mwaka. Rais wa Marekani mwenyewe alikuwa akilipwa dola 400,000. Mkuu wa polisi wa Bell alipokea zaidi ya dola 450,000, akimpita mkuu wa polisi wa Los Angeles, mji wenye watu kiasi cha mara mia wa Bell. Madiwani wanne kati ya watano, ambao kazi yao haikuwa ya kutwa, walijipatia karibu dola 100,000 kila mmoja.

Mambo hayo yaliwezekanaje mchana kweupe? Mwaka 2005 ulifanyika uchaguzi maalum wa kuubadilisha mji uwe na katiba yake, jambo lililouondolea kipimo cha sheria ya jimbo juu ya malipo ya madiwani. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata 400. Na mwaka 2008 raia mmoja alipouliza mishahara ya wakubwa ni kiasi gani, alipewa karatasi yenye tarakimu za uongo. Wakati huo wote, kodi ya nyumba katika mji huo wa wanyonge ilikuwa miongoni mwa zile za juu kabisa katika eneo zima.

Habari zilipotoka, wananchi walijaa kwenye ukumbi wa baraza wakipiga kelele za hasira. Meneja, msaidizi wake na mkuu wa polisi walijiuzulu mwezi ule ule. Mwezi Machi 2011 wapiga kura waliliondoa baraza lililokuwapo, na mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Lakini msomaji uliye askari, angalia na hili: mji ulikuwa umeachwa katika ufukara, hata ikajadiliwa kuivunja polisi yake. Askari wa kawaida, aliyelinda barabara usiku na ambaye hakuonja hata senti ya mishahara ile, ndiye aliyekaribia kupoteza kazi. Gharama ya daftari lililofungwa aghalabu hulipwa na mdogo.

DIRISHA LA LOS ANGELES

Sasa tuvuke barabara tuingie Los Angeles, mji wenye watu karibu milioni 4. Mwaka wa fedha wa 2013 hadi 2014 bajeti yake ilikuwa ya dola kama bilioni 7.7. Mwezi Julai mwaka 2013 Ron Galperin alishika cheo cha mdhibiti wa fedha wa mji, naye mwezi Oktoba mwaka huo huo alifungua katika intaneti mahali palipoitwa Control Panel L.A. Hapo mtu yeyote, bila ya kuandika barua wala kuomba ruhusa, aliweza kuona mapato ya mji, matumizi ya kila idara, malipo ya watumishi, na fedha walizolipwa wafanyabiashara waliouuzia mji vitu na huduma.

Huenda mtu akauliza: kompyuta inafanyaje kazi hiyo? Si uchawi. Kila mji mkubwa una vitabu vya hesabu vilivyomo ndani ya kompyuta. Kila malipo huandikwa pamoja na alama zake: tarehe, idara iliyolipa, aina ya matumizi, na jina la aliyelipwa. Zamani maandishi hayo yalisomwa na wahasibu peke yao. Programu ya uwazi huyachukua, huyapanga, na kuyachora kwa namna ambayo hata asiyejua uhasibu huelewa. Akitaka kujua idara ya barabara ilitumia kiasi gani mwaka jana, huuliza, naye hujibiwa papo hapo. Akitaka kulinganisha na mwaka juzi, huweka miaka miwili bega kwa bega, kama mama wa nyumbani anavyolinganisha bei ya unga ya mwezi huu na ya mwezi uliopita.

MASHINE HAISEMI ISICHOAMBIWA

Hata hivyo tusidanganyike kwamba mashine imemaliza kazi. Katika mji huo huo wa Los Angeles, idara ya maji na umeme ilikuwa na mifuko miwili, mmoja wa mafunzo na mmoja wa usalama kazini, iliyoendeshwa kwa ushirikiano na chama cha wafanyakazi. Tangu mwaka 2000 mifuko hiyo ilikuwa imepokea zaidi ya dola milioni 40, fedha za wananchi wanaolipia maji na umeme. Fedha zilionekana zikitoka, lakini zilivyotumika baada ya kuingia mifukoni humo hakuna aliyeweza kuona. Mdhibiti alipovitaka vitabu, kiongozi wa chama alikataa, na shauri likafika mahakamani. Ukaguzi ulitangazwa mwaka 2015, baada ya mvutano wa zaidi ya mwaka mzima.

Hapo pana fundisho. Programu huonyesha kile tu ilichopewa. Ikilishwa uongo, itaupamba uongo kwa rangi nzuri. Kadhalika itakuambia kwamba fedha za daraja zimelipwa, lakini haiwezi kwenda mtoni kutazama kama daraja lipo. Kazi hiyo ni ya macho na miguu ya watu. Kwa hiyo dirisha huhitaji pande mbili: ndani awepo mwenye kuandika ukweli, na nje awepo mwenye kuchungulia.

Na je, asiyekuwa na kompyuta? Huko huko Los Angeles mhasibu mmoja, Kenneth Mejia, alipogombea cheo hicho cha udhibiti aliweka mabango makubwa barabarani yakionyesha jinsi bajeti ya mji ilivyogawanywa, idara hii kiasi hiki na ile kiasi kile. Mpita njia alisoma akiwa ndani ya basi. Mwezi Novemba mwaka 2022 wananchi walimchagua.

UBAO WA SHULE

Nasi wa Afrika Mashariki tusidhani kwamba jambo hili ni la wenye mitambo peke yao. Nchini Uganda watafiti walifuatilia fedha ambazo serikali ilizipelekea shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995 kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Walikuta kwamba, kwa wastani, ni asilimia 13 tu zilizofika shuleni. Katika kila shilingi mia moja, themanini na saba zilipotelea njiani! Serikali ikaanza kutangaza magazetini na redioni kiasi kilichopelekwa, na kila shule ikatakiwa kubandika ubaoni kiasi ilichopokea. Ilipofika mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zikifika. Marekebisho mengine pia yalifanyika katika miaka hiyo, lakini hapana shaka kwamba karatasi ile iliyobandikwa ukutani ilimpa mzazi nguvu ya kumwuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu naye nguvu ya kuiuliza wilaya.

NYUMBANI KWETU

Wako wanaosema kwamba kuulizwa hesabu ni kutukanwa. La, hasha. Askari anayekabidhi bohari ya silaha huhesabu risasi moja moja mbele ya mwenzake anayepokea, na hakuna anayekasirika, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba hesabu ile ni kinga yao. Kesho risasi ikikosekana, hatasingiziwa asiyehusika. Fedha nazo ni vivyo hivyo. Hesabu iliyo wazi humfichua mwovu, na zaidi ya hayo humlinda mwema.

Basi, tuanzie kwetu. Mume na mke wawe na daftari moja, si mawili yanayofichana. Ukurasa mmoja uandikwe kilichoingia, wa pili kilichotoka, na likae mezani. Katika vyama vyetu, mweka hazina asome hesabu kila mkutano bila ya kungoja kuulizwa, na jina la asiyetoa fungu lake lisomwe kama majina mengine, kwa upole lakini kwa sauti. Shuleni kwa watoto na katika zahanati, mahali palipobandikwa tangazo la fedha, tusimame tulisome. Pasipobandikwa, tuulize kwa adabu. Waliopiga kura kule Bell mwaka 2005 hawakufika 400, na waliobaki nyumbani siku hiyo walilipa kwa miaka mitano.

Yule mama mweka hazina wetu hakuacha kazi. Mkutano uliofuata alikuja na karatasi kubwa, akaigongomelea ukutani kwa mkono wake mwenyewe, jina la kila mmoja na fungu lake. Karatasi hiyo ilibaki pale hadi siku niliyohama, na kwa muda wote huo sikusikia tena akinong'onwa kwenye bomba.