Tufungulieni Magofu Msimu wa Kusi

Katika jumba la makumbusho la Jorvik, mjini York, kaskazini mwa Uingereza, kimehifadhiwa kinyesi cha binadamu. Ndiyo, kinyesi, urefu wake kama sentimita 20, kimewekwa nyuma ya kioo na kumulikwa taa. Kilichimbuliwa mwaka 1972 mahali palipokuwa pakijengwa tawi la benki, na wataalamu wakakisoma kama sisi wauguzi tusomavyo majibu ya maabara. Mwenyewe aliishi zama za Waviking, alikula nyama na mkate, mboga alizionja kwa nadra, na tumbo lake lilikuwa na minyoo. Mwaka 2003 kilianguka kikavunjika vipande vitatu. Watu wazima wakakaa kitako kukiunganisha.

Nilicheka mpaka mdogo wangu, anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini humo, akanifinya mkono. Usiku, kitandani, kicheko kilikuwa kimekwisha. Nimestaafu juzijuzi baada ya miaka mingi ya uuguzi wa afya ya akili hapa Pwani ya Kenya, na malalamiko niliyoyasikia zaidi wodini hayakuwa ya dawa kali wala uji mwepesi. Ni kwamba hakuna anayemjali mtu kiasi cha kumtazama vizuri. Na hapa kuna mtu asiye na jina, aliyekufa miaka elfu moja iliyopita, anatazamwa hadi minyoo yake.

York nilifika Julai 2025, wakati wa tamasha la akiolojia linaloratibiwa na Council for British Archaeology, asasi iliyoanzishwa mwaka 1944 na yenye makao yake mjini humohumo. Kila kiangazi, kwa muda wa wiki mbili hivi, makumbusho, vyuo, vikundi vya vijiji na wachimbaji hufungua milango kwa umma, mahali pengi bila malipo. Mwaka huo walichagua kuzungumzia akiolojia na siha ya watu, na hilo ndilo lililonivuta, maana nilitaka kuona kama ni maneno ya mabango tu.

Siku ya wazi tuliyokwenda haikuwa na mbwembwe. Turubai, meza ndefu za kukunja, mabeseni ya maji, na rundo la vigae vyenye udongo. Ukipewa kigae, unapewa na mswaki. Mswaki wa meno, ule wa dukani. Unasugua kingo polepole, upande wenye rangi hausuguliwi kwa nguvu, kisha unakilaza kwenye trei iliyotandikwa gazeti, juu yake kibandiko chenye namba ya shimo kilimotoka. Ukichanganya trei umeharibu kazi ya wiki nzima, kwa hiyo kila mtu yuko makini. Kando yangu alikaa mzee mwenye mikono inayotetemeka. Ningekuwa kazini ningeshaanza kujiuliza: ni Parkinson, ni pombe, au ni dawa anazomeza? Pale hakuna aliyemuuliza. Binti msimamizi alipita akasema, "Umepata nini?" Mzee akamwonyesha kipande cha shingo ya mtungi, akaeleza alivyokijua kuwa ni shingo. Walizungumza muda mrefu kuliko daktari yeyote ninayemfahamu anavyozungumza na mgonjwa wa nje.

Swali hilo la "Umepata nini?" ndilo dawa, ikiwa dawa ipo. Mgonjwa wetu huamka akiulizwa umelala, umemeza, umeoga, unazisikia tena zile sauti. Maswali yote yanamhusu yeye na kasoro yake. Anapoulizwa habari ya kitu alichokishika mkononi, jicho linamwondoka yeye na kuangukia kigae. Kwa saa mbili anakuwa mtu mwenye jambo la kueleza.

Waingereza wameliona hilo na wameanza kulipangia utaratibu. Mwaka 2021, mjini York, taasisi ya wachimbaji ilianza mradi wa majaribio katika eneo la Willow House, iliyokuwa nyumba ya wazee karibu na ukuta wa kale wa mji. Watu wenye upweke, msongo au maradhi ya akili walielekezwa huko na wahudumu wa afya na mashirika ya misaada, kama ambavyo wangeelekezwa kwa mtaalamu wa viungo. Huduma ya afya ya taifa nchini humo ina watumishi ambao kazi yao ni hiyo hasa, kumuunganisha mtu na bustani, kwaya, kikundi cha kutembea, au shimo la akiolojia.

Wanajeshi walitangulia. Mwaka 2011 ilianzishwa Operation Nightingale, kwa ajili ya askari waliorudi kutoka Afghanistan wakiwa na majeraha ya mwili na ya akili. Walipelekwa kwenye uwanda wa Salisbury, ardhi ya mazoezi ya jeshi, kuchimba Barrow Clump, kilima chenye makaburi ya Waanglo-Saxon yaliyokuwa yakifukuliwa na wanyama wachimbao mashimo, jamaa wa nyegere. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini askari waliipokea kazi hiyo. Askari amefunzwa kusoma ramani, kutambua udongo ulioguswa na usioguswa, kuvumilia mvua, kula pamoja na kutaniana. Maisha ya uraiani yalikuwa yamemwambia ujuzi wote huo hauna soko. Baadhi yao waliendelea hadi chuo kikuu kuisomea fani hiyo.

Sasa niweke breki, maana najua wasomaji wetu wanavyopenda tiba mpya. Mtu anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru anapelekwa hospitali, tena leo, wala hapewi mwiko na ndoo. Vikundi vya miradi hii ni vidogo, na wanaokuja ni wale waliopenda kuja, kwa hiyo si ajabu wakisema wamefurahi. Na serikali iliyochoka kuajiri wauguzi inaweza kuona raha kutangaza kwamba udongo unatibu. Nikisikia waziri yeyote wa kwetu akisema hivyo nitakuwa wa kwanza kuandamana.

Lakini kuna pengo ambalo hospitali hailizibi, nalo nimeliona kwa macho kila asubuhi. Pwani tuna vijana wengi walionaswa na heroini. Malindi na Kisauni kuna kliniki za methadoni, na Mungu awabariki walioanzisha. Kijana anakuja alfajiri, anapanga foleni, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anatia sahihi. Saa mbili unusu amemaliza. Halafu? Kazi hana. Nyumbani wamechoka naye. Kuna maskani moja tu inayomkaribisha bila masharti, ileile aliyoikimbia. Methadoni inaondoa arosto, lakini mchana mzima unabaki mtupu mbele yake, na huo mchana ndio uliowarudisha wengi niliowajua.

Na cha kuujaza mchana huo hakiko mbali: kutoka Malindi hadi Gede ni safari fupi ya matatu. Pale kuna mji mzima msituni, misikiti, kasri, visima, makaburi. James Kirkman aliuchimba tangu 1948 hadi 1958, akatoa shanga na vyombo vya kauri kutoka China, na Julai 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nani aliyezoa udongo na kubeba makarai miaka yote hiyo? Vibarua. Majina yao hutayakuta kwenye vibao. Kazi hii haijawahi kuwa ya wageni peke yao. Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakusoma chuo kikuu, ndiye aliyeona mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana mifupa ya kijana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Jicho kama hilo hujengwa kwa kukaa chini na kutazama.

Mimi naishi Mtwapa, na magofu yangu ni Jumba la Mtwana. Wageni wakija ndio tunakumbuka yapo. Watoto wa shule huletwa kwa basi, wanapangwa mstari, wanaambiwa hapa ni karne ya 14, hii ni Nyumba ya Milango Mingi, ule ni msikiti wa kando ya bahari, usiguse, piga picha, panda basi. Mvuvi anayepitisha mtumbwi wake mbele ya msikiti huo kila siku hajawahi kuulizwa anaufahamu vipi. Ziara ya namna hiyo haimjengi mtu afya wala elimu. Ninachotaka ni kazi ya mikono, na ninaitaka kwa jirani kwanza.

Najua kuna watakaosema mambo ya kwenda magofuni kutuliza roho ni ya Wazungu. Wamesahau nyumbani kwao. Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya miaka ya 1681–1682, na watu wa Shela wamekuwa wakivuka maji kwenda kuomba mvua hapo. Katika mapango na kuta chakavu za Pwani utakuta majivu ya ubani, chupa za marashi, vitambaa vyekundu na vyeupe. Wengi wa wagonjwa wangu walipitia huko kabla ya kuletwa kwetu, na wengine walirudi huko baadaye. Masheikh kadhaa hawazipendi ziara hizi, na ugomvi huo siuingii hapa. Nasema tu kwamba mtu wa Pwani mwenye dhiki amezoea kwenda palipokaa waliomtangulia. Kisha tukaweka uzio, tukaweka tiketi, na mwenye dhiki akabaki nje na ubani wake.

Hivyo basi napendekeza tuwe na msimu wetu. Kiangazi chao ni kusi letu, na kusi ni wakati mwafaka kuliko wanavyodhani wanaopanga ratiba Nairobi. Jua halichomi. Bahari imechafuka, wavuvi wengi wenye vyombo vidogo wako ufukweni wakishona nyavu. Agosti shule zimefungwa. Makumbusho ya Taifa yana maeneo kutoka Takwa hadi Fort Jesus, yana wataalamu, na kaunti zina maafisa wa afya ya jamii. Wakae meza moja.

Kuchimba kusitangulie. Ukishachimba shimo huwezi kulichimba tena, na sheria yetu ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi haimruhusu kila mwenye jembe kufukua, na ni sawa. Kazi nyingine zipo tele, tena ndizo zinazokosa watu: kuosha na kupanga vigae, kupiga picha kuta na kuandika nyufa zilipofika, kufyeka mizizi inayopasua mawe chini ya usimamizi, kuchoma na kuchanganya chokaa pamoja na mafundi wanaoijua bado, kukaa na bibi aliyezaliwa jirani na kurekodi alichosimuliwa. Mifupa isiguswe na mtu wa kujitolea. Makaburini, wazee wa kaya na maimamu waulizwe kabla ya mwanaakiolojia kufungua daftari lake.

Nimeshaonywa kwamba vijana wa methadoni wataiba. Wataiba nini, kigae? Wanaotumaliza ni wale wanaokuja na hati ya kiwanja na tingatinga, nao huwa wamevaa suti. Na hao vijana ninawajua mimi mwenyewe. Kijana aliyeweza kufika kliniki kila alfajiri, mvua na Ramadhani, bila kukosa dozi, ana nidhamu ambayo maafisa wengi wa ofisini hawana. Mkabidhi trei yenye namba uone kama atakubali mtu aichanganye.

Kuna la faida pia, maana bila faida mradi wa Pwani haudumu. Gede ilishatuonyesha njia: tangu 1993 mradi wa Kipepeo unanunua mabundo (pupa) ya vipepeo kutoka kwa wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo, na watu waliotamani msitu ukatwe wakapata sababu ya kuulinda. Mshiriki wa msimu wa kusi alipwe nauli na chakula, na akimaliza apewe cheti kitakachomfaa kwa uongozaji wa watalii au ufundi wa chokaa. Kumfanyisha maskini kazi ya bure kwa jina la afya yake ya akili ni kumdhulumu kwa upole.

Jambo moja la York sikulitegemea. Katika jumba jingine la makumbusho mjini humo yuko mwanamke aliyezikwa karne ya nne, zama za Warumi, akiwa na bangili za pembe ya ndovu na za jiwe jeusi la pwani ya huko. Alipatikana mwaka 1901. Mwaka 2010 watafiti walieleza kwamba huenda nasaba yake ilitoka kwa sehemu Afrika ya Kaskazini. Mdogo wangu amekaa mji ule miaka mingi na bado anaulizwa ametoka wapi. Hukwenda kumtazama yule mama siku akichoka, akasimama dakika chache, halafu akapanda basi la zamu ya usiku. Hakuandikiwa na daktari.

Kwa Makumbusho ya Taifa na kaunti ya Kilifi: Agosti haiko mbali. Jumba la Mtwana kuna kivuli cha mibuyu cha kutosha meza nne na mabeseni kumi, kisima cha kupatia maji si mbali, na mama ntilie wa stendi ya Mtwapa anaweza kupika chai na mahamri ya watu ishirini kwa bei tutakayoelewana. Leteni vigae na mtu mmoja anayevijua. Miswaki nitanunua mimi.