MHURI SI UBORA

Ndugu wanachama,

Umeingia miongoni mwetu ugonjwa wa macho: mtu huutazama mhuri kabla ya kuitazama nguo. Akisoma jina la nchi ya mbali, asema ni njema, akisoma Tanzania, airudisha bila kuigusa, ati "chema chajiuza." Nathubutu kusema kwamba mtu huyo amenunua jina, wala si chema.

Na majina hupanda na kushuka. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria iliyofanya bidhaa za Ujerumani ziandikwe zilikotoka, mnunuzi asije akazidhani za Kiingereza. Miaka ikapita, na maneno yaliyowekwa kuwa onyo yakageuka kuwa sifa. Bidhaa za Japani nazo zilidharauliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Leo ni nani alidharauye gari la Kijapani? Jina la nchi ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi ya mafundi.

Basi tuipime nguo yenyewe. Iinueni kwenye mwanga mwone kama nyuzi zimesongamana. Ifikicheni dondo litoke, maana dondo huipa nguo hafifu unene wa uongo. Lowesheni pembe yake, isugueni juu ya kitambaa cheupe, mwone kama yachuja. Maji na mwanga havisomi mhuri.

Wala simwambii mtu anunue kibovu kwa kuwa ni cha nyumbani. Kiwanda cha hapa kikipunja urefu wa kanga, au kikitia rangi isiyodumu, kimemdhulumu mnunuzi na kuiaibisha jasho ya mkulima. Tukirudishie kanga yake, na kisiposikia tukishitaki kwa Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kukilaumu kiwanda waziwazi ni kukijenga. Kukipita kimya ni kukiua.

Sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Huenda shati la mbali tunalolisifu limetokana na pamba ya Shinyanga: udongo wetu, jembe letu, ila ujira wa kusokota, kufuma na kushona ni wa wengine.

Mishahara yetu yatoka katika kodi za nchi hii. Yapasa, basi, kila mtumishi aishike nguo ya hapa mkononi na kuipima kabla ya kutoa fedha yake. Ikishindwa, ishindwe kwa kupimwa, isishindwe kwa jina.

Ni mimi,
Karani mwenzenu.