Majani unayoyaruka ufuoni yanajua siri ya bahari ya Mombasa

Ukishuka treni Miritini na kudandia matatu ya kuingia mjini, utapita Kibarani kabla ya kuvuka daraja la Makupa. Kama ulikuja Mombasa kabla ya 2018, harufu ya pale bado unaikumbuka. Lilikuwa jaa la taka ukingoni mwa maji, na mvua ikinyesha, uchafu wote ulitiririka baharini. Leo jaa limefungwa, miti imepandwa na watu wanapiga selfie. Daraja lililofunguliwa 2022 limechukua nafasi ya tuta la 1929 lililokuwa limeziba mkondo, kwa hivyo maji yanaingia na kutoka tena. Ukitazama kwa macho, mambo ni shwari.

Tatizo ni hayo macho. Risasi, zebaki na kadimiamu hazinuki, hazionekani ndani ya maji, na tofauti na ganda la ndizi, haziozi. Betri kuukuu, rangi za meli, maji taka ya viwanda: metali nzito zinazotoka huko hushuka kwenye tope na kukaa. Jaa linaweza kufungwa leo, tope likabaki na sumu yake miaka na miaka.

Sasa utajuaje zipo? Wengi watakuambia chota maji, peleka maabara. Sawa, lakini bahari haitulii. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ukichota saa nne asubuhi wakati wa bamvua, jibu utakalopata ni la saa nne hiyo tu. Mtu akimwaga uchafu usiku wa manane, kufikia asubuhi umeshakwenda zake, na cheti chako kitasema maji safi kabisa.

Nyasi bahari hazidanganywi hivyo. Ni yale majani marefu yanayotupwa ufuoni Nyali au Diani, yale unayoyaruka ukilalamika kwamba yanaharibu picha. Wengi huyaita mwani, na si mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli. Nyasi bahari zina mizizi, mashina, hata maua yanayochavushwa chini ya maji. Kenya ina aina 12. Na kwa kuwa haziwezi kuhama, majani yake hunyonya kilichomo kwenye maji na mizizi hunyonya kilichomo kwenye tope, usiku na mchana. Metali hujilimbikiza humo hadi kiwango ambacho maabara inaweza kukipima bila shida.

Wenzetu wa bahari ya Mediterania wameshalielewa hili. Kule kuna aina inayoitwa Posidonia oceanica, ambayo huacha magamba ya majani yaliyokufa kwenye shina mwaka baada ya mwaka. Wanasayansi huyahesabu, wakayapima, wakajua ni miaka gani metali zilipanda na lini zilishuka. Yaani mmea unatunza kumbukumbu ambazo mwenye kiwanda angependa zipotee.

Usinielewe vibaya. Risasi ikipatikana kwenye nyasi, haimaanishi tafi uliyemla jana ana sumu, ingawa tafi hula nyasi hizo. Jani kuukuu hubeba tofauti na jani changa, aina moja hunyonya kuliko nyingine, na vipimo vya kusi si vya kaskazi. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Inatakiwa aina ileile, mahali palepale, msimu uleule, kila mwaka, huku ukilinganisha na sehemu iliyo mbali na viwanda. Ni kazi ya kuchosha na haina kiki yoyote.

Lakini tumeshaona gharama ya kutopima mapema. Owino Uhuru, eneo la Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Ushahidi uliotikisa watu ulitoka kwenye damu ya watoto. Mahakama iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitupa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi mtoto amekua akisubiri.

Mimi ningependa damu ya watoto iwe kipimo cha mwisho, nyasi ziwe cha kwanza. KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari, ina makao yake papo hapo Mombasa. Wavuvi wa BMU wanajua kila mahali nyasi zinapoota, na huko Gazi zimeshapandwa upya. Kukata majani maji yakipwa hakuhitaji digrii. Maabara ndiyo ghali, na hapo serikali ya kaunti na ile ya kitaifa zitoe pesa. Kisha matokeo yawekwe wazi mtandaoni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuyaomba, kwa hivyo wakichelewa, waandikie barua.